Kwenda Ziwa Hazen: kwanza panga siku ambayo ndege haitakuja

Kwa miaka 31 nilisomesha jografia, na kila mwaka nilifika mahali pale pale. Nachora duara la Aktiki ubaoni, juu yake naandika "tundra", kisha nawaeleza watoto habari za nchi isiyo na miti, ambayo ardhi yake ya chini imeganda mwaka mzima. Kila mwaka yuko mtoto mmoja atakayenyanyua mkono: "Maalim, wewe umefika?" Nami hujibu: "Bado." Darasa zima linacheka. Mimi mwenyewe niliisikia tundra kwa mapadri walionisomesha sekondari, na nadhani wao pia walikuwa hawajafika.

Sasa nimestaafu, nakaa Muscat, na mwanangu wa pili anafanya kazi Edmonton, Kanada. Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita alinipigia simu baada ya tarawehe. "Shikamoo, baba. Ile tundra yako bado unaitaka?" Nikamjibu marahaba, na kwamba naitaka. Tangu usiku ule tunapanga. Naandika haya kwa sababu wengi wenu mna watoto Kanada, na iko siku mmoja wao atakuulizeni swali kama hilo. Msikubali kabla hamjajua mnakubali nini.

Ziwa lenyewe

Ziwa tulilolichagua linaitwa Hazen. Liko kaskazini ya kisiwa cha Ellesmere, katika Nunavut, nchi ya Wainuiti, karibu nyuzi 82 kaskazini ya ikweta. Kutoka hapo mpaka Ncha ya Kaskazini ni kama kilomita 900, yaani pungufu kidogo ya barabara ya Muscat kwenda Salala. Urefu wake unapita kilomita 70, kina chake kinafika mita 267, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 540, zaidi kidogo ya nusu ya kisiwa cha Pemba.

Limo ndani ya hifadhi ya taifa inayoitwa Quttinirpaaq, jina la Kiinuiti lenye maana ya juu kabisa ya dunia. Hifadhi hiyo ni ya pili kwa ukubwa Kanada, ina zaidi ya kilomita za mraba 37,000, na ndani yake hamna barabara, hamna duka, hamna njia iliyochongwa ya kupita kwa miguu.

Jambo lililonishangaza mimi mwalimu mzima ni ukame. Tunafikiri kwenye baridi kali kuna theluji ya kumwaga. Kumbe pale ni jangwa. Mvua na theluji ya mwaka mzima, ukiiyeyusha, haifiki milimita 100. Muscat yetu hupata kama kiasi hicho hicho! Tofauti ni kwamba maji ya pale hayapotei: yamelala barafuni milimani, na kiangazi yanateremka ziwani kwa mito.

Na kwa kuwa milima imelizunguka bonde hilo na kulikinga na upepo wa bahari, Julai kuna joto la kiasi chake. Siku nyingi ni nyuzi 5 mpaka 10 za sentigredi, na mara nyingine zaidi. Kuna mierebi inayotambaa chini kama majani, haikufikii hata kifundo cha mguu. Kuna sungura weupe wakubwa wanaotembea makundi makundi, kuna mbwa mwitu weupe, na kuna maskoksi, mnyama wa manyoya marefu kama ng'ombe aliyevishwa blanketi. Ziwani kuna samaki wa aina moja tu, wa jamaa ya trauti na salmoni.

Njia na gharama

Sasa njoo kwenye njia. Mwenye pasi ya Oman anahitaji viza ya Kanada, na hiyo ianze mapema. Ukishaingia Kanada unakwenda Ottawa, kutoka Ottawa unaruka kama saa tatu mpaka Iqaluit, makao makuu ya Nunavut. Kutoka Iqaluit unapanda tena kwenda Resolute, kijiji kisichofika watu 200. Wainuiti wanakiita Qausuittuq, mahali pasipopambazuka, kwa sababu ya giza la miezi ya baridi. Wenyewe hawakukichagua. Mwaka 1953 serikali ilizichukua familia kutoka Inukjuak, mbali sana kusini, ikazishusha pale kwa ahadi ambazo hazikutimizwa, na mpaka 2010 ndipo serikali ilipoomba radhi. Nalitaja hili kwa sababu ukifika kule wewe ni mgeni wa watu, si mtalii wa barafu tu.

Resolute ndiko ndege za abiria zinakokomea. Kutoka pale kwenda ziwani ni zaidi ya kilomita 800, na ndege ni ya kukodi: Twin Otter, ndege ndogo ya injini mbili na magurudumu manene, inayoweza kutua juu ya changarawe. Hapa ndipo mfuko unapolia. Kukodi kwenda na kurudi ni makumi ya maelfu ya dola za Kanada, maana ndege inakupeleka, inarudi tupu, kisha inakuja tupu tena kukuchukua. Ndiyo sababu watu hujikusanya. Sisi tuko sita: mimi, mwanangu, na rafiki zake wanne wa kazini, vijana wa Kikanada waliokwisha kuzoea mahema.

Mambo mengine ya kujua mapema ni haya. Hifadhi hupokea wageni kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Agosti. Lazima ujiandikishe, ulipe kibali, na usikilize mafunzo kabla ya kwenda. Mgeni haruhusiwi bunduki. Dubu weupe ni nadra ndani ya bonde lile, lakini dawa ya kupuliza ya kufukuzia dubu ni ya lazima kwa mwenye akili. Mafuta ya jiko hayapandi ndege ya abiria, kwa hiyo yaagizwe yanunuliwe Resolute. Dira ya kawaida haiaminiki pale kwa sababu ya ukaribu wa ncha ya sumaku, basi chukua kifaa cha GPS na ramani ya karatasi. Na mito ya barafu ivukwe saa za usiku, jua likiwa chini upande wa kaskazini, kwani mchana barafu inayeyuka na mto ule ule unakuwa mwingine. Watafiti walioandika habari za ziwa hili mwaka 2018 walionyesha kuwa bonde linazidi joto na barafu inateremsha maji mengi kuliko zamani. Mzee aliyevuka miaka ishirini iliyopita akikwambia maji yalimfika magotini, usimtegemee.

Sala bila ya usiku

Jua la ziwani halizami tangu katikati ya Aprili mpaka mwisho wa Agosti. Linazunguka tu juu ya kichwa kama panga la feni. Magharibi iko wapi hapo? Alfajiri je? Nilifungua programu ya nyakati za sala kwenye simu, nikaweka jina la ziwa, ikaniletea vistari vitupu.

Nikaenda kwa shekhe wetu wa mtaani. Akaniambia suala hili wanavyuoni wameshalizungumza, na msingi wake ni ile hadithi ya siku iliyo kama mwaka, ambapo masahaba waliamrishwa wakadirie. Kwa hiyo unakadiria: ama kwa mji ulio karibu ambao bado una usiku na mchana, ama kwa saa za Makka. Chagua moja kabla hujaondoka, ushikamane nayo, na ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya sala unayo. Waislamu wanaokaa kule wanaishi hivyo hivyo. Inuvik, magharibi ya Aktiki ya Kanada, msikiti wao ulijengwa kusini ukasafirishwa mzima mwaka 2010, kwa lori na kwa tishali, zaidi ya kilomita 4,000. Iqaluit nako wana msikiti tangu 2016.

Na kibla? Hapa Oman tunaelekea magharibi. Kutoka Ziwa Hazen, ukifuata njia fupi ya duara la dunia, Makka iko kaskazini mashariki. Nilimwonyesha mjukuu wangu kwa tufe na uzi, hakuamini mpaka aliposhika uzi mwenyewe.

Meli ambayo haikuja

Haya yote ni kazi ya kalamu na daftari. Lililonikosesha usingizi ni jengine, na lilianza kwa mke wangu. Alikaa na simu yake kimya usiku mmoja, kisha akanambia: "Maalim, umeona hii?" Agosti 2011 ndege ya abiria iligonga kilima karibu na uwanja wa Resolute. Kati ya watu 15 walikufa 12. Sikuwa na la kumjibu.

Nikaenda kusoma zaidi, nikakuta hadithi ya aliyelipa ziwa hilo jina. Wawindaji wa kale walipita bondeni humo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, lakini jina la Hazen alilitoa Adolphus Greely, afisa wa jeshi la Marekani, mwaka 1882, kwa heshima ya jenerali mkubwa wake. Greely alifika Ellesmere mwaka 1881 na kundi la watu 25. Mpango wao ulikuwa mzuri karatasini: meli ingekuja 1882 na chakula, na nyengine 1883 kuwachukua. Meli ya kwanza barafu iliizuia, ikarudi. Ya pili ikazama. Walipookolewa Juni 1884 walikuwa wamebaki 7, na mmoja akafa njiani. Walionusurika ni 6.

Hapo nikaelewa kuwa tulikuwa tunapanga kinyume. Miezi yote ile tulipanga namna ya kwenda. Safari ya namna hii hupangwa kuanzia siku ya kurudi, tena kwa kukadiria kuwa siku hiyo ndege haitakuja. Si lazima kuwe na ajali. Ukungu wa kiangazi Resolute ni jambo la kawaida, na rubani mwenye akili haruki. Anaweza kukawia siku mbili, anaweza kukawia tano, nawe umekaa juu ya mawe unatazama mbingu safi ya kwako, hujui ya kwake ikoje.

Basi tukaupindua mpango. Siku za kutembea tukazipunguza kutoka 14 mpaka 10. Chakula tunachukua cha siku 17. Tikiti za kurudi Ottawa tumechukua za kubadilishika, ingawa ni ghali. Dawa zangu za presha nachukua mara mbili ya mahitaji, nusu kwangu na nusu kwenye begi la mwanangu. Simu ya satelaiti ni mbili, si moja. Hospitali ya karibu iko Iqaluit, kama kilomita 2,000, na kampuni moja ya bima ilipousikia umri wangu na jina la mahali ikaniambia kwa adabu nitafute kwengine. Nimepata nyengine, na nimeisoma karatasi yake neno kwa neno kuhakikisha imeandikwa kuokolewa kwa ndege. Ikikosa neno hilo, wallahi siendi.

Daktari hakukataa. Alisema nipande na mzigo miezi sita kwanza, kisha nirudi kwake. Kwa hiyo kila alfajiri baada ya sala napanda njia ya mlimani kutoka Riyam mpaka Matrah, mgongoni nimebeba kilo 12 za tende. Tende hizo hizo ndizo zitakazokwenda Hazen: haziozi, hazihitaji jiko, na kokwa tatu zinamrudishia mtu nguvu. Wiki ya kwanza goti lilinipigia kelele. Sasa limenyamaza, lakini namsikiliza.

Karatasi ya mlangoni

Mke wangu hakusema niende wala nisiende. Alisema neno moja: "Ndege ikichelewa, mimi nitajuaje kuwa ni ukungu tu?"

Swali hili nalitaka kila anayepanga safari kama hii alijibu kabla hajalipa hata dola moja. Ujumbe wa satelaiti upo, tutatuma kila jioni. Lakini betri hufa, chombo huanguka mtoni, na mtu wa nyumbani akikosa ujumbe siku moja ataanza kupiga simu dunia nzima. Au vibaya zaidi, atajizuia asipige hata pale inapopasa.

Tumekaa pamoja, yeye na mimi, tukaandika karatasi moja. Ina tarehe tatu. Ya kwanza ni siku ndege inayotarajiwa. Ya pili ni siku nne baadaye, na pembeni nimeandika: kabla ya hapa ni ukungu. Ya tatu ni siku mbili baada ya hiyo, na chini yake namba za ofisi ya hifadhi, za wenye ndege na za mkwe wetu Edmonton, na maneno ya kusema kwa Kiingereza, maana kwa wasiwasi mtu hata lugha yake anaisahau. Nakala anayo mwanangu, na nakala itabaki kwa watu wa hifadhi.

Aliisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akaikata ile "nne" akaandika "tatu". Nikamwambia sawa.

Karatasi iko mlangoni mwa friji sasa hivi, imeshikwa na sumaku ya dau tuliyoinunua Unguja. Safari ni Julai ijayo, Mungu akijaalia, na daktari akiridhika.