Je, Wajua? Kuokota Si Kazi, Kazi ni Kuachia

Je, wajua kwamba kipande cha chuma kikiwa kidogo vya kutosha hukataa kuanguka? Kiokote kwa kibano, kisha fungua kibano: kimeng'ang'ania palepale kwenye ncha. Sababu ni hesabu tu. Punguza kitu mara 10 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake utashuka mara 1,000, lakini eneo la uso wake litashuka mara 100 tu. Milimita moja ina mikroni 1,000. Ukishuka chini ya mikroni 100 hivi, umeme tuli, unyevu wa hewani na mvutano wa molekuli huanza kuushinda uzito. Punje ya sukari kwenye kidole chenye jasho ina tabia hiyohiyo, ila huko unaweza kukung'uta mkono. Chini ya hadubini, ukikung'uta umekipoteza kipande na asubuhi yote ya kazi.

Basi wahandisi wanaoshughulikia vipande vidogo hivi huumizwa kichwa zaidi na kuachia kuliko kuokota. Wengine huitikisa ncha ya kibano, wengine hukausha hewa ya chumba, wengine huchagua ncha zinazopitisha umeme ili chaji isikusanyike. Mbinu ninayoipenda mimi ilitoka Besançon, mji wa Ufaransa wenye jina la siku nyingi katika utengenezaji wa saa. Watafiti wa taasisi ya FEMTO-ST waliunda kishikio cha barafu kinachofanya kazi ndani ya maji. Ncha yake hupozwa kwa umeme, maji yanayoigusa yanaganda, na kipande kinanaswa kwenye kitonge kidogo cha barafu. Kukiachia, unazima ubaridi. Barafu inarudi kuwa maji, na kwa kuwa maji yamezunguka kila upande, hakuna tone la unyevu la kukigandisha kipande kwenye ncha.

Je, wajua kwamba roboti shirikishi za mwanzo, yaani zile zinazofanya kazi bega kwa bega na mtu, hazikuwa na mota ya kusukuma mzigo? J. Edward Colgate na Michael Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walizibuni katika miaka ya 1990 wakiwa na viwanda vya magari akilini. Aliyesukuma ni mfanyakazi mwenyewe. Mashine iligeuza tu mwelekeo wa magurudumu yake, ikimnyoosha mtu kwenye njia iliyopangwa na kumzuia asivuke mpaka uliochorwa ndani ya kompyuta. Nguvu za mtu, unyoofu wa mashine: mgawanyo huo wa kazi unafaa zaidi pale ambapo hakuna mzigo kabisa, kuna udogo tu.

Je, wajua kwamba hata mkono wa daktari bingwa wa macho hutetemeka? Mkono wowote ulio hai hutikisika mara 8 hadi 12 kwa sekunde, bila ugonjwa wala woga. Kwenye ncha ya kifaa mtikisiko huo hufikia kama mikroni 100, wakati utando anaotakiwa kuubandua juu ya retina unaweza kuwa na unene wa mikroni 10. Zaidi ya hapo, hasikii anachogusa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999 vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya migusano katika upasuaji wa retina haifiki milinyutoni 7.5, yaani chini ya uzito wa gramu moja, na mingi kati yake mkono hauitambui kabisa. Daktari anafanya kazi kwa macho peke yake.

Mwaka huohuo, Russell Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha maelezo ya roboti ambayo kwangu ndiyo ya werevu kuliko zote katika orodha hii. Daktari na roboti wanashika kifaa kimoja, kwa pamoja. Kihisio kwenye mpini kinapima mkono unasukuma kwa nguvu gani na kuelekea wapi. Roboti inakisogeza kifaa upande huo, polepole, kulingana na msukumo. Kwa kuwa mashine yenyewe ni ngumu na nzito, mtetemo unaishia kwenye mpini na haufiki kwenye ncha. Daktari akiachia mkono, kifaa kinabaki pale pale kilipokuwa. Hebu fikiria ingekuwaje kibano cha kawaida kuachiwa ndani ya jicho la mtu!

Oxford walifuata njia nyingine. Mwaka 2016, katika Hospitali ya John Radcliffe, Profesa Robert MacLaren alifanya upasuaji wa kwanza wa roboti ndani ya jicho la binadamu. Roboti hiyo ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi. MacLaren alishika usukani mdogo pembeni. Miondoko mikubwa ya mkono wake ikawa miondoko midogo sana kwenye sindano, kupitia tundu lisilofika milimita moja.

Je, wajua kwamba mwanga unaweza kushika bakteria? Arthur Ashkin wa Bell Labs alionyesha kibano cha leza mwaka 1986, akapewa Nobel mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Mwanga wa kijani uliwaua bakteria aliowanasa. Alipohamia kwenye infraredi, waliishi, na wengine wakagawanyika na kuzaana wakiwa wameshikwa.

Kilichokosekana katika zana za namna hii ni hisia za mkono, na hapo watu wa Paris waliingia. Kwenye maabara za Chuo Kikuu cha Pierre et Marie Curie, watafiti wa roboti waliunganisha mpini wa mezani na ncha ya hadubini ya nguvu za atomu, ile inayopapasa kitu badala ya kukitazama, na baadaye na vibano vya mwanga pia. Nguvu ndogo mno hukuzwa hadi kiganja kizihisi. Ncha ikikaribia kipande cha kioo, mpini unavutwa ghafla hata kabla ya kugusana. Ukitaka kuirudisha, unasikia inang'ang'ania, kisha inabanduka ghafla.