Kuwakalisha Pamoja Hakutibu Uonevu Kazini

Swali linaloulizwa mara nyingi kuliko yote kuhusu uonevu kazini, iwe katika shule, vituo vya afya, vyama vya ushirika au ofisi za sekta ya mashambani kama Cyanzarwe, wilayani Rubavu nchini Rwanda, ni lile lile: kwa nini mwonewa na anayemwonea wasikalishwe chini, wakaombana radhi, mambo yakaisha? Swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi na bado linarudi, tena mara nyingine kutoka kwa wakuu wa kazi ambao wamekwisha kuitisha kikao cha namna hiyo, na ambao hukihesabu kuwa kilifanikiwa kwa sababu tu baada yake hakuna aliyelalamika tena. Kunyamaza huko kwa mlalamikaji ndiko kulikopaswa kuwatia wasiwasi.

Uonevu kazini, kwa maana inayotumiwa na wataalamu, ni kumwandama mtu kwa maneno, kwa kazi anazopewa au kunyimwa, au kwa kutengwa, katika mazingira ambamo hana nguvu za kutosha za kujitetea. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya utafiti wake nchini Sweden katika miaka ya 1980, aliorodhesha vitendo 45 vya aina hiyo na kuweka kipimo cha kitendo kimoja angalau kila wiki kwa muda wa miezi sita. Kipimo hicho kiliwafaa watafiti waliotaka kuhesabu, lakini hakuna sababu ya mkuu wa kazi kusubiri nusu mwaka ndipo amwamini mtu. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuridhiwa na Rwanda mwaka 2023, unatambua hata tukio moja, ikiwa limekusudiwa kuleta, limeleta au linaelekea kuleta madhara ya mwili, ya akili, ya kingono au ya kiuchumi. Hata hivyo, mkuu anayedai ripoti kwa wakati kutoka kwa kila mtu haonei mtu, na wanaochanganya ukali wa kazi na uonevu wanawapa wanaoonea wenzao kisingizio cha bure.

Ubovu wa dawa hii ya kukalishana huonekana pale mambo yanapotazamwa kwa karibu. Saa nne usiku, katika kikundi cha WhatsApp cha kazini, mkuu anaweka picha ya ripoti ya mfanyakazi mmoja, tarakimu iliyokosewa ikiwa imezungushiwa wino mwekundu, na chini yake anaandika: "Tazameni msomi wetu." Watatu wanajibu kwa alama za kicheko, waliobaki wanasoma na kunyamaza. Wiki inayofuata jina la mwenye ripoti halimo katika orodha ya wanaokwenda mafunzoni, na mwaka unapokwisha alama zake za imihigo, yaani mikataba ya utendaji ambayo watumishi hupimwa nayo, zinashuka bila maelezo. Sasa wawili hao wanaitwa ofisini wapatane, lakini hakuna anayeeleza wapatane juu ya nini. Mmoja ameshika kalamu ya kutoa alama, mwingine anazisubiri. Mmoja ataombwa aache kuonea, mwingine ataombwa aache kulalamika, na hayo mawili yatahesabiwa kuwa ni kuachiana sawa kwa sawa.

Kikao hicho, zaidi ya kutotibu, kina madhara yake. Mwonewa hulazimika kutaja ushahidi wake na mashahidi wake mbele ya mtu yule yule atakayekuwa na usiku mzima wa kufuta ujumbe na kuwatisha mashahidi. Radhi, kwa kuwa kila upande unatakiwa kuomba, humfanya mwonewa akiri kosa ambalo hakulifanya, na ungamo hilo huja kutumiwa dhidi yake baadaye. Waliocheka kikundini hawamo katika kikao hicho, wala taasisi iliyoacha mtu mmoja ashike ratiba, mafunzo na alama bila kuangaliwa na yeyote haiulizwi chochote. Kibaya zaidi ni kwamba wakishapeana mikono, lalamiko lolote jipya hugeuka kuwa ushahidi kwamba mlalamikaji hataki kusamehe, na katika nchi ambayo umoja na maridhiano vimefanywa msingi wa maisha ya umma baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, lawama hiyo ni nzito kuliko wanaoitamka wanavyodhani.

Mazoea haya ya kupatanisha yana chanzo chenye heshima. Abunzi, wapatanishi wanaofanya kazi katika ngazi za utawala za seli na sekta, chini ya wilaya, wamemaliza migogoro mingi ya mali ya wananchi kabla haijafika mahakamani. Lakini majirani wawili wa Cyanzarwe wanaobishania mpaka wa shamba la viazi wana haki sawa ya kusema, kila mmoja ana kitu cha kuachia, na hakuna kati yao anayemwandikia mwenzake tathmini ya mwaka. Wengine hujitetea kwa Sheria namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda, ambayo kweli inataka mgogoro wa mfanyakazi mmoja uanzie kwa wawakilishi wa wafanyakazi, wakitafuta suluhu, kabla ya kufika kwa mkaguzi wa kazi na hatimaye mahakamani. Wameisoma nusu. Suluhu inayotajwa hapo ni ya mfanyakazi na mwajiri, ambaye anaweza kubadili ratiba, kufuta tathmini ya uonevu na kumwadhibu mkosaji. Haimlazimishi mwonewa kuketi ana kwa ana na anayemwandama.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Mwonewa aandike kila tukio siku ile ile: tarehe, saa, maneno yenyewe, waliokuwepo; ahifadhi picha za ujumbe nje ya simu ya kazi; apeleke lalamiko kwa maandishi kwa mwakilishi wa wafanyakazi au ngazi iliyo juu ya mhusika, na abaki na nakala yenye saini ya aliyepokea. Likikwama, aende kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na kibarua wa kulipwa kwa siku asijione yuko nje, kwa maana Mkataba namba 190 unakusudia pia sekta isiyo rasmi. Mtumishi wa umma ana njia yake ya rufaa, inayofika hadi Tume ya Utumishi wa Umma. Mwajiri naye amteue mtu asiye chini ya mtuhumiwa kusikiliza kila upande peke yake, amwondolee mtuhumiwa mamlaka ya kumpima mlalamikaji uchunguzi ukiendelea, na akithibitisha kosa, atoe adhabu.

Anayefikia kuacha kazi asiandike katika barua yake kwamba anaondoka kwa "sababu binafsi", kama wengi wanavyoshauriwa kwa ajili ya heshima. Sheria ya 2018, kwa mfano, inahesabu kujiuzulu kulikosababishwa na unyanyasaji wa kingono wa msimamizi, kukiwa na ushahidi wa wazi, kuwa ni kufukuzwa kazi isivyo halali, na barua inayoficha sababu humpa mwajiri utetezi wake wa kwanza.