Risasi, Vimelea na Mafua: Maneno Matatu Kuhusu Vifo vya Ndege



Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi sentensi fupi: "Tai huyu amekufa kwa risasi." Karibu wote walielewa kwamba tai amepigwa bunduki. Wachache waliuliza kama amekula madini. Hakuna aliyekosea. Kwa Kiswahili, risasi ni kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki, na pia ni metali laini, nzito, ya rangi ya kijivu. Neno hili limetoka katika Kiarabu, nako lina maana zote mbili. Kwa hiyo tunapoeleza ugonjwa, yafaa tuseme "sumu ya risasi".

Jambo hili si la darasani tu. Hapa Kampala tunaishi na ndege wakubwa. Korongo marabu, ambaye Waganda humwita kaloli, hujenga viota juu ya miti ya mjini na hula majalalani. Mmoja akianguka na kufa, mara nyingi watoto ndio humfikia kwanza. Tutawaambia nini? Hebu tutofautishe mambo matatu.

1. Sumu ya risasi

Ndege hawana meno. Wengi humeza changarawe ili zisage chakula ndani ya firigisi. Bata wa majini akiokota marisau, yaani risasi ndogondogo za bunduki ya kuwindia, huyadhania kuwa changarawe. Firigisi huyasaga, asidi ya tumbo huyayeyusha, na sumu huingia katika damu. Ndege hukonda, mabawa hulegea, hatimaye hushindwa kuruka. Tai naye hudhurika akila mzoga wenye vipande vya risasi. Kwa sababu ya vifo vya tai wakubwa waitwao kondori, jimbo la California nchini Marekani lilipiga marufuku risasi za madini haya katika uwindaji wote mwaka 2019. Umoja wa Ulaya nao ulikataza marisau hayo katika maeneo oevu mwaka 2023. Mijini, madini haya hupatikana pia katika betri za magari zilizotupwa na katika rangi za zamani.

Sumu hii haiambukizi. Lakini tukumbuke: kupika hakuiondoi.

2. Vimelea

Neno kimelea linatokana na kitenzi "mea": ni kiumbe kinachomea juu ya kingine au ndani yake. Chawa, kupe, utitiri na minyoo wote ni vimelea. Anayewabeba huitwa mwenyeji, na jina hilo linafaa, kwa kuwa mgeni hana faida mwenyeji wake akifa upesi. Kwa kawaida vimelea humuua ndege aliyekwisha dhoofika kwa njaa au kwa ugonjwa mwingine. Ndege huugua hata malaria. Mwaka 1898 Ronald Ross alitumia ndege kuonyesha jinsi mbu wanavyoeneza malaria. Hata hivyo, malaria ya ndege haiwapati binadamu.

3. Mafua ya ndege

Haya husababishwa na virusi, nayo huambukiza. Mwezi Januari 2017 ndege wengi walikutwa wamekufa katika Ghuba ya Lutembe, kando ya Ziwa Viktoria, kati ya Kampala na Entebbe. Wengi wao walikuwa buabua wenye mabawa meupe, ndege wa majini wanaofanana na shakwe, ambao huja kwetu kutoka Ulaya na Asia. Huko Masaka bata na kuku wa kufugwa nao walikufa. Serikali ilitangaza kuwa ni mafua ya ndege, na virusi vilitambuliwa kuwa vya aina ya H5N8. Kenya ilizuia kuku kutoka Uganda, na wafugaji wakapata hasara. Wakati huo hakuna binadamu aliyejulikana kuugua aina hiyo. Wa kwanza waliripotiwa nchini Urusi mwaka 2021.

Tofauti na sumu ya risasi, virusi hivi hufa nyama ikipikwa vizuri. Hatari kubwa iko kwa anayemshika, kumnyonyoa na kumpasua ndege mgonjwa.

Tunasema nini, basi?

Mpita njia hawezi kujua kwa macho ni kipi kati ya hivi vitatu kimemuua ndege. Ndiyo maana agizo ni moja: usimshike kwa mikono mitupu, usimle, usimpe mbwa, na umwarifu daktari wa mifugo. Anayesema "nitampika vizuri" amefikiria virusi, akasahau risasi. Anayesema "hakuambukizwa, alikula sumu tu" amebahatisha. Neno moja likieleweka vibaya, mtu anaweza kudhurika.

Zoezi: Andika tangazo la sentensi nne kwa wakazi wa mtaa wako kuhusu ndege waliokutwa wamekufa. Tumia maneno sumu, kimelea, virusi na kuambukiza, kila moja kwa maana yake. Kisha mpe jirani asiyesoma Kiswahili chuoni alisome, akueleze alichoelewa.