Kichocho, Wanawake na Virusi vya Ukimwi

Kwa wakazi wa Kiloleli na Bariadi, mkoani Simiyu, kichocho si maradhi mageni. Kando ya Ziwa Victoria kimeenea kichocho cha matumbo; mbali na ziwa, penye malambo na vidimbwi vya mvua, kimeenea kile cha mkojo. Hiki cha pili humdhuru mwanamke kwa namna isiyotambulika upesi.

Mnyoo jike huishi miaka mingi katika mishipa ya damu karibu na kibofu, akitaga mayai yenye mwiba. Mengi hayatoki, na baadhi hukwama katika shingo ya kizazi. Hapo utando hulainika na kutoka damu kwa urahisi, na chembe nyeupe hukusanyika kupambana na mayai. Miongoni mwake zimo zile hasa ambazo virusi vya Ukimwi huzishambulia.

Nchini Zimbabwe, utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba uwezekano wa kuwa na virusi hivyo ulikuwa karibu mara 3 kwa wanawake wenye kichocho cha sehemu za uzazi. Matokeo ya mwaka 2017 kutoka Kisesa, mkoani Mwanza, yalielekea huko huko kwa wanawake, si kwa wanaume, ingawa uchunguzi wa kwingineko haujakubaliana wote.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini mayai yaliyokwama hubaki. Ndiyo maana tiba ya utotoni ina thamani kubwa. Ugawaji wa dawa umewalenga hasa wanafunzi wa shule za msingi. Msichana asiyesoma, na mama afuaye nguo lamboni, hupitwa.