Kwa Nini Mwalimu Mwanafunzi Hukimbilia Kiingereza



Muulizeni kijana anayesomea ualimu kama angependa kufundisha Kiingereza au lugha ya kwao. Mara nyingi atajibu Kiingereza kabla hamjamaliza kuuliza. Msimkasirikie haraka. Ana sababu zake, na nyingine tumempa sisi wenyewe.

Kuna mtihani. Tangu KCPE ilipoanza mwaka 1985 hadi ilipofanywa mara ya mwisho 2023, Kiingereza na Kiswahili vilitahiniwa, lugha ya mama haikutahiniwa. Sisi wazazi huuliza maksi, si vingine. Basi kipindi cha lugha ya mama kikaandikwa tu kwenye ratiba, na saa ikifika watoto wanafanya hesabu. Wengine tulivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea kikwetu uwanjani. Mimi nilikivaa, na sijasahau.

Lakini shida kubwa haizungumzwi. Kuongea lugha si kujua kuiandika. Mchukueni Mkamba au Mkikuyu. Lugha yake ina irabu saba, siyo tano kama Kiswahili, na hizo mbili za zaidi huandikwa kwa i na u zenye alama juu. Amezitamka tangu utotoni, lakini mpe chaki, hajui alama iende wapi. Mjaluo naye hutamka irabu tisa na kuandika tano, kwa hiyo neno moja ubaoni laweza kusomwa kwa namna mbili na kuwa na maana mbili. Sasa fikirieni kijana huyo amesimama mbele ya watoto, na mkaguzi wake ameketi nyuma ya darasa. Kukosea Kiingereza si ajabu. Kukosea lugha ya mama yako ni aibu!

Halafu kuna kazi yenyewe. Mwalimu wa serikali huweza kupelekwa popote. Aliyezaliwa Busia akipelekwa Kitui, Kiluhya chake kitamsaidia nini darasani? Kiingereza anakwenda nacho.

Sheria haikosekani. Kamati ya Gachathi ilisema mwaka 1976 kwamba darasa la kwanza hadi la tatu watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo, na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vikatolewa. Mtaala mpya ulioanza nchini kote 2019 umeweka lugha za kiasili kuwa somo katika gredi tatu za kwanza. Kisha katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali izikuze.

Anayeumia ni mtoto wa miaka sita. Akisomeshwa kwa lugha asiyoisikia nyumbani, ataimba maneno vizuri kama kasuku, na wewe mama utafurahi. Mwambie akueleze alichosoma, ananyamaza.

Basi mwalimu wa mazoezi akifika shuleni kwenu muhula ujao, mwenyekiti wa kikundi amwone mwalimu mkuu. Ombeni nyanya mmoja aruhusiwe kuingia gredi ya kwanza mara moja kwa wiki atambe hadithi, na mwalimu aiandike ubaoni. Kama ana shaka na maandishi, Biblia na kitabu cha nyimbo cha lugha yenu vinaweza kumsaidia. Mkopesheni.