Mofini katika Ganzi ya Mgongo: Faida Yake na Uangalizi Unaohitajika

Upasuaji wa mguu, kama ule wa kuunga mfupa wa paja uliovunjika, hufanyika mara nyingi kwa ganzi ya mgongo. Mtaalamu wa usingizi huchoma sindano nyembamba sehemu ya chini ya mgongo na kuingiza dawa, kwa kawaida bupivakaini, katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo. Mgonjwa hubaki macho bila kusikia maumivu. Hata hivyo, baada ya saa chache ganzi huisha, na maumivu humkuta mgonjwa amekwisha kurudishwa wodini.

Ndiyo sababu huongezwa dawa ya jamii ya afyuni. Dawa ya ganzi huzuia neva zisipitishe taarifa, hivyo mguu hufa ganzi na kulegea. Afyuni hushika vipokezi vilivyomo ndani ya uti wa mgongo na kupunguza taarifa za maumivu, bila kuulegeza mguu. Fentanili hufanya kazi upesi na kudumu saa chache tu. Mofini huanza polepole, lakini mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya mia ya miligramu 10 zinazochomwa msulini, huweza kutuliza maumivu kwa takriban saa 24. Mofini hiyo sharti iwe isiyotiwa kihifadhi.

Faida hiyo ina gharama yake. Mofini haiyeyuki kwa wepesi katika mafuta. Hubaki ndani ya maji hayo na kupanda taratibu kuelekea ubongo. Mgonjwa aweza kupata mwasho, kichefuchefu, au kushindwa kukojoa. Hatari iliyo kubwa zaidi, ingawa hutokea kwa nadra, ni kupumua kudhoofika saa nyingi baada ya upasuaji, pengine usiku wa manane.

Kwa hiyo, muuguzi ahesabu pumzi kwa dakika nzima na kupima wepesi wa mgonjwa kuamka: kila saa kwa saa 12 za kwanza, kisha kila baada ya saa 2 hadi saa 24 zitimie. Pumzi zikipungua chini ya 10 kwa dakika, daktari aitwe mara moja, oksijeni itolewe, na naloksoni iwe tayari. Dawa nyingine ya usingizi isitolewe bila idhini ya daktari.

Nawe mgonjwa, kabla ya upasuaji, mweleze mtaalamu ikiwa hukoroma sana au hukatika pumzi usingizini. Nao ndugu wanaouguza wasiridhike na ukimya: mgonjwa asiyeamshika hapumzishwi, huitiwa muuguzi.