Msuli Huvuta, Hausukumi

Vibarua wanaopakia matoke malorini huko Isingiro, na akina mama wanaobeba madumu ya lita 20 katika makazi ya Nakivale, wanayajua maumivu ya kiuno kuliko mtu yeyote. Lakini ni wachache kati yetu walioelezwa jinsi mwili unavyojinyoosha.

Msuli huvuta tu, hausukumi kamwe. Ndiyo maana kiungo kina misuli ya pande mbili. Msuli wa mbele ya mkono hukunja kiwiko. Ule wa nyuma huvuta ncha ya mfupa unayoigusa nyuma ya kiwiko, na mkono hunyooka. Mmoja akikaza, mwenzake hulegea.

Goti hunyooshwa na misuli minne ya mbele ya paja. Huungana katika kano moja inayopita juu ya goti na kushika mfupa wa muundi. Pia ya goti imo ndani ya kano hiyo. Huisogeza mbele ya kiungo ili ivute kwa nguvu zaidi. Nyonga nayo hunyooshwa na misuli ya makalio, iliyo mikubwa kuliko yote mwilini.

Sasa tazameni mgongo. Misuli inayouinua iko kama sentimita 5 tu nyuma ya uti. Mkungu wa kilo 20 ukiwa sentimita 40 mbele ya uti, misuli hiyo hulazimika kuvuta kama kilo 160, bila kuhesabu uzito wa kifua na kichwa. Ukiukumbatia mkungu ukawa sentimita 20, inakuwa kilo 80. Mzigo ni ule ule! Basi chuchumaa, ukumbatie, inuka kwa mapaja. Msimamizi anayepiga kelele "haraka" habebi kwa mgongo wake. Na mzigo wa watu wawili ubebwe na wawili. Hapo ufundi wa kuchuchumaa hausaidii.

Ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mara moja, kisha afisa wa kazi wa wilaya. Iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mkimbizi naye asinyamaze, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambulia haki ya kufanya kazi.

Aliyefungwa plasta mguuni ataona paja limekonda, kwa sababu msuli usiovuta husinyaa. Plasta ikitolewa, waulizeni wahudumu wa hospitali ya Mbarara mazoezi yanayofaa. Moja la kawaida ni kukaa kitini, kunyoosha goti polepole, kulishikilia hivyo kidogo, kisha kulishusha.